Jiwe Jeupe Jikoni kwa Mama

Kaunta ya jikoni kwa mama ilianza kuvimba upande wa sinki, ikapasuka, na mwisho ikawa inamwaga chenga kila ukiifuta. Ilikuwa ya mbao za kubana, zile zinazopendeza dukani na kulia zikiona maji. Kaka yangu mkubwa akasema ataibadilisha yeye. Hapo hatukuwa na ugomvi. Ugomvi aliuleta yeye mwenyewe, pamoja na jiwe.

"Marumaru," alisema, akalilaza juu ya ile kaunta mbovu kwa mikono miwili, kama analaza mtoto. Kipande cheupe chenye mishipa ya kijivu, kinang'aa hadi unaona meno yako.

Fundi alikuwa ameazima vipande vingine viwili kwenye duka lilelile alikoazima kaka, graniti nyeusi na mbao nene ngumu, ili tuvitazame mpaka jioni ndipo tuamue. Kaka hakuvitupia hata jicho la pembeni.

"Mama, unaonaje hili?"

"Chochote tu, mwanangu."

"Mmesikia. Mama kakubali."

Nyumbani kwetu kosa letu ndilo hilo. Mama akisema "chochote tu", tunalipokea kama jibu. Ndivyo alivyopata mapazia asiyoyapenda, na kitanda kirefu anachokipanda kama anapanda lori.

"Wageni wakiingia watadhani hoteli," alisema wifi yangu, mke wa kaka, akipitisha kidole juu ya jiwe.

"Wageni hawapiki, wifi."

"Redio imeshawashwa," kaka akasema. Hilo ndilo jina langu pale nyumbani.

Nikamgeukia fundi. "Wewe unashauri nini?"

"Mimi nafunga mtakachochagua," alijibu akikunja futi yake. "Ila nikishagandisha, sibandui. Kama ni kugombana, gombaneni leo."

Wakaondoka wote. Nikabaki namenya vitunguu, namwangalia mama akipika.

Mama hajui ubao wa kukatia. Ndimu huikata juu ya kaunta, na sufuria huitoa motoni akaitua papo hapo, bila kitambaa wala kibao, huku mkono mwingine ukitafuta chumvi. Amepika hivyo tangu sijazaliwa. Siku hiyo alitoa sufuria motoni, akageuka, akaliona lile jiwe jeupe, akasimama. Mvuke ukampanda usoni. Kisha akainama taratibu, bega likimsumbua, akaitua sufuria sakafuni.

"Mama, mbona chini?"

"Nisije nikaliharibu jiwe la kaka yako."

Na kilikuwa kipande tu, hakizidi upana wa sinia. Nikawaza siku litakapotandazwa ukuta hadi ukuta, mama ataishi wapi humo jikoni. Atakuwa mgeni anayeomba njia.

Nilikata ndimu, nikafunika nusu moja juu ya kila kipande. Nikakoroga manjano kwenye mafuta, nikapaka pembeni. Nikapasha kikaango, nikakitua juu ya kimoja baada ya kingine.

"Unafanya nini wewe?"

"Napika kama wewe."

Mama akacheka kwa pua, akanisogezea kitambaa nisijiunguze.

Alasiri nikafuta vyote kwa sabuni. Mbao ilikuwa na pete nyeusi ya kikaango. Graniti ilirudi kama ilivyokuja. Marumaru, mahali pa ndimu mng'ao ulikuwa umelika, pamebaki duara lililofifia, na manjano yameingia ndani, hayatoki hata kwa kusugua.

Kaka alirudi na wifi, akaona.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kipande cha watu! Ungeniuliza kwanza."

"Na wewe ungemuuliza mama."

"Nilimuuliza. Kasema chochote."

"Basi muulize tena, usubiri."

Tukasubiri. Mama alikausha mikono, kidole kimoja kimoja, akaenda mpaka kwenye graniti, akaiwekea kiganja.

"Hii nyeusi," alisema. "Pembe zake zizungushwe, zisinichome kiunoni. Na fundi aishushe kidogo. Ile ya zamani ilikuwa juu mno, bega langu linauma miaka yote hii."

Hakuna aliyewahi kusikia kuwa kaunta ndiyo iliyomuumiza bega. Kaka alikuna shingo.

"Haya. Nyeusi, na ya chini," alisema. Kisha akanigeukia. "Lakini wewe umenidhalilisha mbele ya mke wangu. Niombe radhi, yaishe."

"Dukani nitakwenda mwenyewe na hicho kipande, niwaeleze wenyewe nilichofanya," nikamwambia. "Wewe sikuombi radhi."

"Hata kwa heshima tu? Mimi ni kaka yako."

"Ni kaka yangu na nakuheshimu. Siombi."