Mafuta ya Mkoba wa Tarishi

Mkuu wa makumbusho alisema mbele ya wafanyakazi wote, tena huku anacheka, kwamba ule mkoba wa ngozi wa tarishi wa zamani umeharibiwa na mafuta ya msafishaji asiyejua kitu. Msafishaji mwenyewe alishastaafu. Binti yake, anayesomea uhifadhi wa vitu vya kale na kufanya kazi humohumo, alikuwa amekaa palepale akiinamisha kichwa. Na ripoti ya mkoba aliachiwa nani? Yeye.

Ndipo alipoanza kuhangaika na maktaba. Alitaka kitu kimoja tu: kitabu cha enzi za mama yake kinachoagiza ngozi ipakwe mafuta. Lakini kutafuta vitabu vya fani hii ni kazi ya punda. Hakuna rafu yake. Ngozi ilimpeleka kwenye viwanda, mafuta kwenye kemia, wadudu kwenye kilimo, na usafi, jamani, kwenye mapishi. Majarida ya kwenye kompyuta yalimwonjesha muhtasari, kisha yakamfungia mlango mpaka alipie. Macho yalimwasha, miguu ikafa ganzi, na nyumbani bado kulikuwa na mgonjwa wa kuuguza.

"Mwanangu, utazimia hapo," alisema mkutubi, mama wa makamo. "Unatafuta nini hasa?"

"Kitabu kilichopitwa na wakati, shangazi."

"Si ungesema! Nyie wote huwa mnataka vipya. Vya zamani tumevirundika stoo, vinangoja kutupwa."

Walipekua weee, wakipiga chafya kwa zamu, mpaka mkutubi akaibuka na kijitabu cha mwongozo wa wafanyakazi wa makumbusho. Kilisema waziwazi: vitu vya ngozi vipakwe mafuta mara moja kwa mwaka, visikauke. Binti alikaa sakafuni akalia, kwa uchovu na kwa furaha. Utafiti wa siku hizi unasema mafuta hayo huifanya ngozi inate na kukakamaa. Sawa. Lakini mama yake hakuwa mjinga. Aliagizwa, akatii.

"Nenda nacho," mkutubi alimwambia. "Kitatupwa tu."

Alifika nyumbani hoi. Mama yake alikuwa kitandani, magoti yakimsumbua, hajatabasamu tangu maneno ya mkuu yamfikie. Binti akamsomea ule mstari polepole.

"Kumbe imeandikwa!" Uso wa mama ulinawiri. "Si nilikuambia? Bosi wetu wa zamani alitupatia kopo la mafuta, akasema pakeni."

"Mara moja kwa mwaka, mama."

"Ah, hao ni wenzangu, wavivu. Mimi ule mkoba niliupenda, mwanangu. Niliupaka kila Ijumaa. Hata nikiwa likizo nilikuwa naenda."

Binti alikifunga kijitabu. Hakuwa na nguvu hata ya kuvua viatu.

"Na hilo uliandike," mama alisema, akijiweka vizuri kwenye mto. "Wajue nilivyojituma."

"Sawa, mama," alijibu, akageukia ukutani asionekane uso.