Doa la Mzambarau

Kila siku saa kumi jioni, Mkaguzi alitoka nyumbani akiwa amevaa kaptura iliyopigwa pasi hadi ikasimama mikunjo, akalizunguka bwawa lake la kuogelea huku mikono ameifunga nyuma. Alikuwa amestaafu kazi ya kukagua shule, lakini kukagua kwenyewe hakukuwa kumemstaafu. Enzi za utumishi wake alijulikana kwa leso nyeupe aliyoipitisha juu ya fremu za milango na nyuma ya ubao, kisha akamwonyesha mwalimu mkuu bila kutamka neno. Sasa leso hiyo aliipitisha kwenye ukingo wa bwawa, na kwa kuwa hapakuwa na mwalimu mkuu, alijionyesha mwenyewe.

Alhamisi moja leso ilitoka safi, lakini chini ya maji, juu ya bitana ya plastiki ya vinili ya rangi ya samawati iliyofunika bwawa zima kwa ndani, palikuwa na doa. Lilianzia kwenye ngazi za kushukia, upande wa maji mafupi ulio karibu na nyumba, likaelekea upande wa uzio. Mwanzoni lilikuwa jembamba, kisha lilitanuka na kugawanyika matawi. Rangi yake ilikuwa ya zambarau iliyokolea. Mkaguzi alimwita mkewe.

"Nani ameoga humu na uchafu wake?"

"Nani aoge? Wajukuu walikuja mara moja tu, wakalia kwamba maji ni ya baridi."

"Basi hili ni nini?"

Mkewe aliinama akatazama. "Ni ule mzambarau," alisema, akarudi jikoni kwa sababu alikuwa ameacha sufuria motoni.

Mzambarau ulikatwa mwaka ule bwawa lilipochimbwa. Mama yake Mkaguzi, siku chache kabla ya kufariki, aliwaketisha watoto wake wawili mbele ya mjomba wao, akagawa kiwanja kwa maneno machache. Kutoka barabarani hadi kwenye mzambarau ni kwa kaka. Kutoka kwenye mzambarau hadi uzio wa nyuma ni kwa dada. Wote waliitikia, na mama akafariki akiwa ametulia. Kisha Mkaguzi alijenga nyumba upande wake, akaona kwamba nyumba ya namna ile haipendezi bila bwawa, na mti ukawa umesimama mahali pasipofaa. Ulipoondolewa na shimo kuchimbwa, ikawa vigumu kwa mtu yeyote kueleza kwa uhakika mpaka ulikuwa wapi. Mkaguzi mwenyewe alikumbuka kwamba mti ulikuwa karibu kabisa na uzio, kiasi cha kumwachia dada yake nafasi ya kufunga kamba ya nguo.

Dada yake, Mshonaji, aliishi katika chumba cha kufulia kilicho nyuma ya jiko, yeye na cherehani yake. Alikuwa akikusanya vitu vya nyumba atakayojenga, kimoja kimoja, na cha kwanza kilikuwa mlango: mlango wa mbao ngumu, pamoja na fremu yake na kitasa cha shaba. Mlango huo uliegemea ukuta kando ya mashine ya kufulia, na Mshonaji aliufuta vumbi kila Jumamosi. Kila alipouliza ni lini sehemu yake itapimwa, kaka yake alimjibu kwa upole kwamba jambo hilo linashughulikiwa.

Fundi wa mabwawa aliitwa siku ya pili. Watu walimwita Klorini kwa sababu ya harufu iliyomtangulia kila aendako. Alifika asubuhi na ndoo zake, akachungulia majini, akacheka.

"Baba, bwawa hili ni safi kuliko roho yangu."

"Doa huja mchana likakua hadi jioni," Mkaguzi alisema. "Asubuhi liko barazani."

Klorini aligeuka akatazama baraza. Doa lilikuwa limelala juu ya meza ya chai, matawi yakiwa yamefika ukutani.

"Ahaa. Linafuata jua kama kivuli," alisema. "Basi nipeni chai tulisubiri."

Jua lilipopinda, doa lilishuka ngazi likaingia majini. Klorini alitia kidonge cha klorini ndani ya soksi kuukuu, akaishusha kwa kamba hadi ikatua juu ya doa. Alieleza kwamba madoa ya majani na matunda huondolewa kwa klorini, madoa ya kutu huondolewa kwa vitamini C, na mtu anayegusa vinili kwa brashi ya chuma anafaa kufungwa jela. Chini ya soksi, majani ya doa yaligeuka manjano, yakapukutika na kuteleza juu ya bitana hadi kwenye tundu la kutolea maji. Klorini alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaaga.

Juma lililofuata doa lilikuwa limechipua upya, majani mazito kuliko ya kwanza.

"Ni la mti, hilo halina ubishi," Klorini alisema. "Ila huu mti una kisirani. Kuna hoteli nilikuta doa la mpera, lakini lile lilikuwa na adabu, ukiliambia toka linatoka."

Alisaga vidonge vya vitamini C, akavifunga kwenye kitambaa na kulisugua doa kutoka shina hadi ncha. Doa lilivipenda. Baada ya siku chache lilitoa maua, na nyuki wakaanza kuzamia. Klorini hakukata tamaa. Alikoroga soda ya kuokea na maji hadi ikawa uji mzito, akashuka na sponji laini, akasugua tangu mchana hadi jasho likamtoka ndani ya maji. Jioni ile doa lilivuka ukingo, likatoka bwawani, likalala juu ya nyasi za uani hadi kwenye uzio.

"Badilisha bitana," Mkaguzi aliamuru.

Mshonaji alikuwa akipita na beseni la nguo. "Hata bitana ya koti hubadilishwa, kaka," alisema. "Lakini jasho linatoka kwapani."

"Hapa hakuna kwapa."

"Sawa, kaka."

Zambarau zilipoiva, zilibanduka kwenye bitana moja moja, zikaelea juu ya maji, na upepo ukazisukuma ukingoni. Mshonaji aliokota bakuli zima, akampelekea Mjomba, yule kaka wa marehemu mama yao aliyeshuhudia kiwanja kikigawanywa. Mjomba alizila zote kabla ya kuuliza zimetoka wapi. Alipoambiwa, alifuta midomo, akasema kwamba sasa imekuwa lazima familia ikae.

Kikao kiliitishwa Jumapili, kando ya bwawa. Kilipangwa kuanza asubuhi, lakini Mjomba alipaswa kwanza kula, na jamaa wengine walipaswa kumsubiri ale, kwa hiyo kilianza jua likiwa utosini. Saa ile doa lilikuwa limejikunja lote, likawa duara moja lisilozidi upana wa ungo, palepale penye ngazi za kushukia, hatua chache tu kutoka barazani. Bwawa lote, na uwanja wote ulio nyuma yake, vilibaki ng'ambo ya duara hilo. Mke wa Mkaguzi alipitisha zambarau zilizotiwa chumvi. Kila mtu alikula, kama inavyopasa mtu anapokaribishwa.

"Haya," Mjomba alianza. "Mti ulikuwa wapi?"

"Karibu na uzio, Mjomba," alijibu Mkaguzi. Ulimi wake ulikuwa wa zambarau hadi shinani.

"Uzio ule kule?"

"Ule ule."

Mjomba alitazama uzio, akatazama ngazi, akatema kokwa kiganjani. "Na hizi tunazokula?"

"Hizi ni za bwawa."

Jamaa waliitikia kwa vichwa, kwa maana jibu lilikuwa fupi na limekamilika. Mshonaji alisimama. Alikuwa amevaa gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo.

"Mjomba, wewe ulikuwapo. Mama alisema hadi kwenye mzambarau. Mzambarau huu hapa. Saa hii kivuli hakina pa kwenda, kimekaa miguuni pa mti wake. Naomba nipimiwe kuanzia hapa, nijenge chumba changu na mimi nitoke kwenye mvuke wa nguo za watu."

"Hakuna anayekubishia, mwanangu. Macho tunayo."

"Basi?"

"Basi shida ni bwawa. Limeshachimbwa. Bwawa si kitambaa, useme utalifumua ulishone upya."

"Angeniuliza kabla ya kuukata mti."

"Hilo kweli. Angekuuliza. Hilo ni kosa la adabu, na kaka yako atakuomba radhi sasa hivi, mbele yetu sote."

"Niwie radhi, mdogo wangu," alisema Mkaguzi, ambaye maishani mwake hakuwahi kukataa sahihisho lililotolewa kwa utaratibu. Aliketi akiwa amenyooka, na jamaa mmoja alionekana akifuta chozi.

Mjomba alikula zambarau nyingine mbili, kisha akatoa uamuzi. Mti ni wa Mshonaji. Shina ni lake, matawi ni yake, matunda ni yake, na kivuli chote ni chake, cha asubuhi na cha jioni, wala mtu asimbughudhi humo. Ama ardhi na maji yaliyo chini ya kivuli, hayo yabaki yalipo, ili undugu usivunjike.

"Na chumba changu, Mjomba?"

"Jenga kivulini. Kivuli si chako? Nani atakukataza?"

"Mimi siwezi kumkataza," alisema Mkaguzi, na alisema kweli.

Wote walikubaliana kwamba Mshonaji amepata zaidi ya alichoomba. Walipeana mikono yenye rangi ya zambarau, wakaondoka, kila mmoja na mfuko wa matunda.

Siku iliyofuata Mshonaji aliubeba mlango wake mgongoni kutoka chumba cha kufulia. Aliusimamisha juu ya ngazi za bwawa, fremu na kila kitu, akaukaza kwa matofali pande zote mbili. Cherehani aliiweka nyuma ya mlango, kwenye ngazi ya juu. Jua likiwa utosini alishona miguu yake ikiwa majini. Jua likipinda aliibeba cherehani akafuatana na kivuli, kigoda mkono mmoja, kandokando ya bwawa hadi kwenye nyasi za uani. Alijaribu pia kuchomeka kigingi cha ukuta wa kwanza. Mkaguzi alikuja akaking'oa kwa mkono wake, akamrudishia, akamweleza bila kupandisha sauti kwamba kigingi kimeingia ardhini, na kwamba juu ya kivuli anaweza kuchomeka vigingi vingi apendavyo.

Katika mambo mengine yote aliuheshimu uamuzi wa kikao. Asubuhi, kivuli kilipolala juu ya meza yake ya chai, alisimama kwanza kwenye mwanga akapiga hodi. Mshonaji aliitikia karibu, maana alilelewa vizuri, na Mkaguzi akaketi kunywa chai yake kama mgeni. Wageni halisi walilisifia doa. Walisema bwawa lenye kivuli cha kudumu si jambo la kawaida, tena kivuli kisicho na gharama ya kupogoa. Klorini aliendelea kuja, lakini sasa kazi yake ilikuwa kusafisha pambizoni, ili doa lionekane nadhifu.

"Nimekupunguzia tawi la kushoto, mama," alimwambia Mshonaji siku moja. "Lilikuwa linaingia kwenye taa."

"Uliniuliza?"

"Samahani. Nimezoea kumuuliza baba."

"Wote mnamzoea yeye," Mshonaji alisema, akauma uzi kwa meno.

Msimu wa matunda ulipokwisha, majani ya doa yalianza kupukutika. Yalizama, yakakusanyika kwenye kona za bitana, yakaziba chujio. Alhamisi moja saa kumi jioni, Mkaguzi alilizunguka bwawa, akapitisha leso, na leso ikatoka na rangi. Aliikunja vizuri. Alikwenda kwenye ukuta wa jiko, akachukua wavu wenye mpini mrefu na brashi laini, akafika mbele ya mlango uliosimama juu ya ngazi. Pande zote mbili za mlango palikuwa wazi, na dada yake alionekana vizuri, kigodani, akitia bitana kwenye koti la mteja. Mkaguzi aligonga.

"Karibu, kaka."

Alishika kitasa cha shaba, akafungua, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Majani ya mti wako yanachafua bwawa langu."

Mshonaji aliyatazama majani. Hakuweza kusema si yake. Aliweka koti kando, akapokea wavu, akapokea brashi.

"Sugua taratibu," Mkaguzi alimwelekeza. "Vinili huchubuka."

Alisugua hadi jua likakaribia kuzama, akiyafuata majani kutoka kona hadi kona, na nyuma yake kivuli kilirefuka. Kilivuka ukingo, kikatanda uani, kikajaza upande wote wa nyuma hadi kwenye uzio, wala hakikubakiza hata nafasi ya kamba ya nguo. Kilikaa hivyo kwa kitambo, kimetulia, kipimo kile kile ambacho mama yao alikitaja. Mkaguzi, akiwa barazani, alikiona na hakupinga.

Jua lilipozama na kivuli kutoweka, Mshonaji aliutikisa wavu, akautundika ukutani, akaondoa matofali, akaubeba mlango wake na kuurudisha kwenye chumba cha kufulia.