Kadi Zisizo na Majina

Wakubwa wa shule ya Pell Creek waliamini kwamba kadi isiyo na jina haiwezi kujulikana ni ya nani. Waliamini hivyo kwa sababu hawakuwahi kukaa hata siku moja kwenye kiti cha Verlene Tubbs.

Verlene alikuwa mkuu wa ofisi ya shule hiyo, huko Ohio. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa akipokea vikaratasi vya walimu: maombi ya ruhusa, vyeti vya daktari, na sababu za kuchelewa ambazo hata mtoto angeona haya kuzitoa. Karatasi ungeweza kuipindua juu chini, ukaisogeza upande wa pili wa meza, na bado angekwambia nani kaiandika na kaiandika akiwa na hali gani. Hakuwahi kujisifia jambo hilo. Aliona ni kama kujua njia ya kwenda nyumbani.

Siku hiyo ya Oktoba wanafunzi hawakuwapo. Ilikuwa siku ya semina ya usawa, ile ya mara mbili kwa mwaka, na huenda ilikuwa ya mwisho, maana Alhamisi halmashauri ya elimu ingepiga kura iendelee au ifutwe. Mji mzima ulikuwa umegawanyika. Kwenye nyasi za mbele ya nyumba hii kulikuwa na bango, FUNDISHENI HESABU, SI SIASA, na nyumba ya pili bango jingine, KILA MTOTO NI WETU, na wenye nyumba hizo walikuwa wameacha hata kuazimana ngazi.

Mwendesha semina, Daktari Soledad Quintero, alitoka Columbus na begi moja na sauti iliyochoka kidogo. Asubuhi aliwagawia walimu kadi nyeupe.

"Andika swali ambalo ungeogopa kuliuliza kwa sauti," alisema. "Usiandike jina. Mchana nitayasoma yote."

Kadi ziliwatosha walimu arobaini na mmoja. Wapishi hawakupata, wasafishaji hawakupata, na Verlene naye hakupata, yeye alikuwa amesimama karibu na birika kubwa akihakikisha kahawa haiishi. Semina ya usawa, jamani, na hakuna aliyeliona hilo.

Ilipokaribia saa sita mchana, Daktari Quintero akaingia ofisini na kadi zake zimefungwa kwa mpira.

"Bi Verlene, naomba unipigie chapa hizi. Sitaki mtu atambue mwandiko wa mwenzake nikiwa nazo mkononi."

"Kama zilivyo?"

"Neno kwa neno."

Verlene akazipokea, akasubiri mlango ufungwe, ndipo akacheka peke yake. Mwanamke yule alikuwa amemkabidhi paka samaki alinde. Lakini kweli ni kwamba Verlene alikuwa na hamu. Amewahudumia watu hawa miaka yote, anajua nani ana kisukari na nani anaachana na mkewe, ila hajui wanawaza nini.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya Dwight Kowalczyk, mwalimu wa michezo, aliyekandamiza kalamu mpaka upande wa nyuma ukavimba: *Kwa nini tunafundishwa kuheshimiana kwa kusimangwa?* Verlene akaichapa, akasema moyoni, hilo nalo ni swali. Ya tatu ilikuwa ya kijana mmoja aliyeajiriwa mwaka huo, mwandiko mdogo kama wa mtu anayebania karatasi: *Nikimkanya mtoto mweusi, namkanya sawa na wengine? Nitajuaje?* Hilo pia. Ya kumi na mbili ilikuwa ya mwalimu wa muziki, naye alitaka kujua chakula kitaletwa saa ngapi.

Akaendelea hivyo, akiguna hapa, akitikisa kichwa pale, mpaka akafika kadi ya thelathini na nne.

*Niliwahi kuwa kwenye jopo la kumwajiri mtu, nikainua mkono apewe kazi. Hadi leo sijui kama nilimpa kwa uwezo wake au kwa rangi yake, ili nijione mtu mwema. Nimuulize nani?*

Mwandishi alikuwa amejitahidi kuuficha mwandiko. Alitumia herufi kubwa tupu. Lakini mikia ya herufi za G ilijikunja kama mkia wa nguruwe, na katika shule nzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na G za namna hiyo, Jolene Pfister wa hesabu.

Jolene alikuwa shoga yake. Walikuwa wamekula pamoja chakula cha mchana, kwenye meza hiyo hiyo, kwa miaka kumi na mitano. Curtis, mume wa Verlene, alipofariki, Jolene alikuja akaosha vyombo siku tatu bila kuombwa na bila kusema sana. Tena Jolene aliwahi kuingia jopo moja tu maishani mwake, miaka sita iliyopita, ofisi ilipotafuta mkuu mpya. Waliobaki mwishoni walikuwa wawili: Trish Haverkamp, mzungu, mwenye shahada, aliyetoka nje ya shule, na Verlene Tubbs, mweusi, aliyekuwa karani hapo hapo.

Verlene akaitoa mikono kwenye mashine. Kazi ile aliifurahia kuliko kitu chochote alichowahi kupata mwenyewe, alimpigia mama yake simu kutoka kwenye maegesho huku analia. Na kumbe pembeni yake, kila mchana, alikaa mtu anayejiuliza kama ilikuwa sadaka.

Angeweza kuichana. Angeweza kuiruka, nani angehesabu. Lakini swali likishaingia kichwani halitoki, na kadiri alivyoikodolea macho ile kadi ndivyo alivyotaka kusikia wengine watajibu nini. Akaichapa neno kwa neno.

Mlango ukafunguliwa. Jolene akaingia na kibweta chake cha chakula, kama kila siku.

"Shoga, leo nimeweka mayai na kachumbari ya matango, usiseme sikukuwaza..." Akaziona kadi. Akasimama na kibweta mkononi. "Amekupa wewe uzichape?"

"Mimi."

"Nilidhani atakwenda nazo hotelini kwake."

"Alidhani kunipa mimi ni salama zaidi," Verlene alisema. "Kaa ule."

Jolene alikaa, ila hakula. Alifungua mkate, akaufunika tena. Waliongea habari za mvua na majani yaliyoziba mfereji wa paa la Jolene. Dakika kumi baadaye Jolene akasema kichwa kinamgonga, akauacha mkate mezani, akaondoka. Verlene hakumzuia. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa anamhurumia, na hakujua kipi kianze.

Saa nane mchana Daktari Quintero alisimama mbele ya walimu na karatasi zilizochapwa. Verlene alikuwa amerudi kwenye birika lake. Maswali yakasomwa, watu wakajibu, wakabishana kwa adabu, wakacheka lile la chakula. Kisha likasomwa la thelathini na nne.

Kowalczyk akaegemea kiti.

"Haya, si ndiyo ninayosema mimi kila mwaka? Mtu mwenyewe anakiri. Kazi zinagawiwa kwa rangi, halafu tukisema tunaambiwa wabaya."

"Hajakiri chochote, Dwight," alisema Imogen Strand, mwalimu wa fasihi. "Anauliza. Na mtu anayemtilia mwenzake shaka miaka yote hiyo ana kazi ya kufanya na nafsi yake. Ndiyo maana semina hizi zinahitajika."

"Zinahitajika kwa nini, kama zinamfanya mtu asilale?"

"Labda hakustahili kulala."

"Unaona? Hiyo ndiyo semina yenyewe hiyo, kumwambia mtu hastahili kulala."

Wakaendelea kuvutana, huyu akiitumia kadi hii na yule akiitumia hiyo hiyo, kila mmoja akiona imemtetea yeye. Verlene alisikiliza kwa makini, akisubiri mtu mmoja aulize jambo dogo: huyo aliyepewa kazi, aliiweza? Hakuna aliyeuliza. Badala yake alianza kuyaona macho. Mmoja alitazama nyuma kidogo, akarudisha shingo upesi. Kisha mwingine. Wafanyakazi weusi katika jengo lile walikuwa wawili, naye Otis wa usafi hakuwahi kukaa mbele ya jopo lolote. Kufikia lile swali la mwisho, nusu ya chumba ilikuwa imeshapiga hesabu, na waliobaki walikuwa wanaelekea huko huko.

Jolene alikuwa ameinamisha kichwa, shingo yote imekuwa nyekundu.

Verlene akafunga bomba la birika, akafuta mikono, akatoka.

Ofisini kulikuwa na kabati la chuma lenye mafaili ya wafanyakazi, na ufunguo wake ulikaa kwenye mkufu wa Verlene. Sheria ilimruhusu kila mtu kulisoma faili lake. Bahasha ya usaili wake ilikuwa humo, yeye mwenyewe ndiye aliyeihifadhi miaka sita iliyopita, gundi haijaguswa. Hakuwahi kuifungua, kwa sababu kuifungua kungekuwa kukubali kwamba ana shaka. Sasa aliiweka mezani, akakaa akiitazama.

Jolene akaingia bila kubisha.

"Ulijua ni mimi."

"Zile G zako, Jolene. Ungeandika kwa mguu ningekujua."

"Nisamehe." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Sikutaka uione. Sikutaka mtu yeyote..."

"Uliuliza umuulize nani," Verlene alisema. "Mimi nipo hapa kila siku kuanzia saa moja na nusu. Kwa nini hukuniuliza mimi?"

"Ningekuulizaje jambo kama hilo? Na ungenijibu nini?"

"Ningesema sijui. Kwa sababu sijui. Umenifanya sasa nitake kujua, na hilo ndilo linaloniuma." Akaisukuma bahasha mbele. "Karatasi zenu za alama zimo humu. Tufungue?"

Jolene aliitazama bahasha kama mtu anayeletewa majibu ya hospitali. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Karatasi zilikuwa sita, tatu za kila mwombaji, alama za juu kabisa zikiwa hamsini. Verlene akazipanga mezani. Mwalimu mkuu wa wakati ule, aliyekwishastaafu, alimpa Verlene arobaini na saba, Trish thelathini na nane. Mshauri wa wanafunzi, aliyehamia Arizona, alimpa Verlene arobaini na tano, Trish arobaini. Jozi ya tatu ilikuwa na G zenye mikia.

Verlene alipewa thelathini na sita. Trish alipewa arobaini na nne.

Jolene akaichukua karatasi, akaisogeza karibu na dirisha, kana kwamba mwanga ungebadilisha tarakimu.

"Haiwezekani. Nilikupigia kura. Nakumbuka kabisa, niliinua mkono."

"Uliinua," Verlene alisema, akisoma muhtasari uliobanwa nyuma. "Hapa wameandika: wote watatu, baada ya majadiliano. Wenzako walishainua, nawe ukainua."

"Nilikumbuka mkono tu," Jolene alisema taratibu. "Miaka sita nakumbuka mkono tu."

Verlene akahisi kitu kikilegea ndani yake, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa. Hapo hapo hasira nayo ikapanda. Alikuwa ameipata kazi yake kwa haki, bila hisani ya mtu, na alikuwa ameipata licha ya shoga yake.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unajiona umenipa zawadi," alisema, "kumbe hukunipa kitu."

"Sikukupa kitu."

"Ulininyima."

"Ndiyo," Jolene alisema. Sauti ilikuwa ndogo lakini hakukwepa. "Inaonekana nilikunyima."

Kwa mbali walisikia walimu bado wanabishana ukumbini, sauti ya Kowalczyk ikiwa juu ya nyingine zote. Verlene akaishika karatasi yake ya tatu, ile ya Jolene, akaipitia mstari kwa mstari kwa kidole. Kutunza kumbukumbu, tisa. Uaminifu, kumi. Kuongoza wenzake, nne. Pembeni Jolene alikuwa ameandika: *Mpole, anapendeza. Sina hakika kama watu watamsikiliza.* Kwenye ya Trish, mstari ule ule, alimpa tisa, akaandika: *Ana sura ya uongozi.* Alikuwa amemwona Trish kwa dakika arobaini tu.

"Hii nne," Verlene alisema. "Nieleze hii nne. Wakati ule ulikuwa umekula na mimi miaka tisa. Ulikuwa unaniona nikiwarudisha wazazi wenye matusi mlangoni, ukiniona nikimtafutia mwalimu mkuu funguo, ratiba na akili zake. Nne inatoka wapi?"

"Nikikwambia utanichukia."

"Sijakuuliza kama nitakuchukia."

Jolene akavuta kiti chake cha kila siku, akakaa. Alichukua muda mrefu, akiugeuza geuza mkate wake wa mchana ndani ya karatasi, na Verlene akamwachia muda huo, kwa sababu alitaka kweli kujua.

"Sikuwahi kufikiria," Jolene alisema mwishowe, "kwamba mtu anayenimiminia kahawa anaweza kuniambia la kufanya."

Verlene akatazama mkono wa blauzi yake, ambako kahawa ya semina ilikuwa imemdondokea asubuhi. Maneno yale yaliuma, na hakuficha kwamba yameuma. Lakini tangu asubuhi watu arobaini na mmoja walikuwa wameuliza maswali, na hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli kusemwa katika jengo zima.

"Haya," alisema, akamsogezea Jolene kikombe kitupu na birika dogo la ofisini. "Leo mimina wewe. Halafu uniambie na hiyo ya *anapendeza* ulikuwa na maana gani."