Giza Alilolipenda Sadiki

"Usiiangalie sawasawa, Mama Husna. Angalia kidogo pembeni. Itakuya yenyewe."

Nilikuwa juu ya ngazi, jicho langu limebanwa kwenye lenzi, shingo inaniuma, na baridi ya Juni inapenya chini ya kitenge. Nikatazama pembeni kama mume wangu alivyoniagiza. Ikaja. Lilikuwa doa hafifu mno, kama unga wa muhogo uliosahauliwa kupanguswa mezani. Nikatulia, nikaona kumbe ni madoa mawili yameshikana, na kutoka upande mmoja umechomoza mkia mwembamba uliopinda. Nikilikazia macho linatoroka. Nikijifanya sina haja nalo, linarudi.

"Ni galaksi mbili," Sadiki alisema kutoka chini, akiwa ameishika ngazi. "Zinaingiliana. Kila moja inavuta ingine mupaka zote zinaharibika."

Sauti yake ilijaa furaha, na furaha ile ilinikera. Mwaka ule nchi zote zinazolizunguka ziwa letu zilikubaliana kulifunga kwa miezi mitatu ili samaki wazaane. Hakuna kushuka majini, hakuna wavu, hakuna taa. Sisi watu wa Baraka tumezoea kwamba mwezi ukishalala, ghuba inageuka mji: mamia ya taa za wavuvi wa ndagala, dagaa wa kwetu, kutoka kwetu hadi Ubwari ng'ambo, mpaka mgeni anauliza kule ni wapi kunakowaka hivyo. Sasa palikuwa peusi. Soko la samaki lilinuka vumbi. Wanawake tuliokuwa tukianika ndagala kwenye mchanga tulikaa na mikono mapajani, tukigombana kwa mambo ya kipuuzi.

Katika Baraka nzima nadhani ni mume wangu peke yake aliyemshukuru Mungu kwa kufungwa kwa ziwa. Zile galaksi zake hafifu, zilizopinda na kuvunjika, zinataka giza lisilo na mwezi, na giza hilohilo ndilo wavuvi wanalolitaka. Miaka yote aligombea giza na ukoo wangu wa wavuvi, akashindwa. Mara moja tu, akashinda.

Darubini yenyewe nilikuwa nikiiita mke mwenzangu, na watu walicheka kwa sababu waliona ni kweli. Kioo chake, kipana kama sinia la pilau ya harusi, aliachiwa na mhandisi mmoja wa maji, mgeni, ambaye alikisugua mwenyewe kwa mkono na mkataba wake ulipokwisha akashindwa kukisafirisha. Sadiki, mwalimu wa fizikia asiye na maabara, alikipokea kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Akaenda Swima kwa Bertin, fundi wa mashua, akamchorea bomba la mbao refu kuliko mtu. Bertin hakuwahi kutengeneza kitu kisichoelea. Akaunganisha mbao zake, kisha akaziba kila mwanya kwa pamba na mafuta ya mawese, kama anavyofanya siku zote. Sadiki alipomwambia kwamba hiyo haitaingia majini, Bertin alimtazama kwa huruma na kuendelea kuziba. Ndani wakaipaka masizi yaliyokorogwa na mawese hayohayo. Miezi mitatu uwanja wetu ulinuka kama jikoni.

Nilimpenda Sadiki, nisieleweke vibaya. Nilipenda hata ule ujinga wake wa kwenda kuwabembeleza majirani, wazee wazima, wafunike mioto yao ya kupikia jamani, kuna kitu anataka kukichora. Lakini jioni ile nilikuwa na jambo moyoni, na galaksi hazikunisaidia kitu.

Alasiri mdogo wangu Nasoro alikuwa amenijia nyuma ya nyumba, hakutaka hata kukaa. Alikuwa na mashua ya baba yetu, mashua pekee ya ukoo, na watoto wanne wa mfululizo. Alikuwa amekonda mabegani. Yaya ndivyo alivyoniita, mimi dada yake mkubwa.

"Yaya, leo nashuka ku maji."

"Uko na wazimu? Basoda bakikukamata?" Askari wa doria walikuwa kila mahali ufukweni.

"Batakamata nani? Mi nitaenda mbali kule, karibu na Ubwari. Taa moja tu. Niko na Dany." Dany ndiye aliyekuwa akivua naye siku zote. Akatazama chini. "Batoto balilala na maji ya moto, Yaya. Maji ya moto, eti ni chai. Usiambie Mama."

Sikumwambia Mama, wala sikumwambia Sadiki. Niliswali isha, nikapanda ngazi kutazama madoa, kwa sababu kule uwanjani kwetu, juu kwenye mteremko, ghuba yote unaiona.

Ndipo pembeni ya jicho langu, lile lililokuwa nje ya darubini, kikawaka kitu. Nukta moja ya manjano, mbali sana, juu ya maji.

"Ah!" Sadiki akasonya. "Nani ule? Giza yote hii, na yeye peke yake anakuya kuiharibu!"

"Ni Nasoro ule," nikasema.

Nilishuka ngazi na tukasimama wawili, tukaiangalia ile taa. Mume wangu hakusema tena neno juu ya giza lake. Aliuliza tu kama wana kamba ya kutosha, na kama Dany amepona lile bega, maswali ya mtu anayejua majibu hayatasaidia. Nadhani muda ule, kabla ya upepo, nilikuwa karibu na furaha. Taa ilikuwa imetulia. Nikaona sufuria ya ndagala kwa wifi yangu Immaculée, mkewe Nasoro, kesho asubuhi, na watoto wakilamba vidole.

Upepo wa kiangazi hutujia kutoka kusini, na ukija haubishi hodi. Kwanza migomba ya jirani ikaanza kupiga kelele, kisha bati letu. Taa kule majini ikaanza kupanda na kushuka. Ikapotea, ikarudi. Ikapotea.

"Geuza kitu yako," nilimwambia Sadiki. "Geuza, umutafute!"

Aliigeuza. Tuliinamisha lile bomba zito wote wawili mpaka likaelekea ziwani, akaweka jicho, akazungusha, akazungusha. Darubini ile ilileta mwanga uliosafiri tangu kabla ya watu kuumbwa, ikauweka mbele yangu nikauona na mkia wake. Mdogo wangu alikuwa hapo tu, ng'ambo ya ghuba, nisiweze kumwona. "Ni nyeusi," Sadiki alikuwa akisema. "Ni nyeusi tu, Mama Husna. Nyeusi tu." Nilichukia kioo kile kuliko nilivyowahi kukichukia kitu chochote.

Tulishuka mbio mpaka ufukweni. Mama alikuja bila kuitwa, khanga imefungwa vibaya. Majirani wawili watatu wakaja pia, na kila mtu alishajua, maana Baraka hakuna siri. Kwetu mashua ikishikwa na upepo usiku, wanawake huwasha moto ufukweni na kupiga mabeseni, ili walio majini wajue nchi kavu iko wapi. Nimeufanya moto huo nikiwa msichana, kwa ajili ya baba. Usiku ule hakuna aliyesogea.

"Hapana moto," Mama alisema. Alikuwa akiifunga khanga upya, na sauti yake haikuyumba. "Mukiwasha, basoda batajua iko muntu ku maji. Batamungojea. Batachoma mashua. Tutakula nini? Nasoro anajua maji kuliko ninyi. Atarudia na giza yake."

Majirani wakaitikia. Walikuwa na sababu. Wiki iliyotangulia doria ilichoma mashua nzuri mbele ya mwenyewe, na yeye akawekwa ndani kwa muda usiojulikana. Nilimtazama Mama nikaona hakuna mtu anayeogopa kuliko yeye, na kwa hiyo sikubishana naye.

Sadiki ndiye aliyeondoka. Alisikiliza kwa heshima, maana hajawahi kumjibu mkwewe kwa ukali hata siku moja, halafu akarudi juu uwanjani. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti chini ya darubini na bisibisi mkononi, anafungua kioo. Skrubu moja ikatoka. Ya pili ikagoma. Alihangaika nayo kidogo, upepo ukapiga bati tena, naye akaitupa bisibisi kwenye majani.

"Acha," alisema, na sijui alikuwa akimwambia nani.

Akaiinua darubini wima, mdomo juu. Akarundika majani makavu chini, akamwaga mafuta ya taa yetu yote, akawasha.

Sijawahi kuona kitu kikiwaka vile. Mbao zilikuwa kavu, na ile pamba na mawese ya Bertin katika kila kiungo ilishika mara moja, na ndani masizi na mafuta yakavuta moto juu kama bomba la moshi. Ulisimama mrefu kuliko nyumba. Uliangaza mteremko wote, ukaangaza nyuso za watu waliokuwa wametufuata wakitupigia kelele tuuzime, ukaangaza maji mpaka mbali. Mama alikaa chini na kujifunika uso. Katikati ya moto tulisikia kioo kikipasuka, mlio mmoja tu. Sadiki hakugeuka. Alikuwa anatazama ziwa, na machozi yanamtoka bila aibu, na mimi nilimshika mkono na nikajua kwamba sijawahi kumpenda kiasi hicho.

Moto ukaisha. Askari walikuja, wakauliza, wakaona mkaa na mwalimu wa shule, wakaondoka.

Asubuhi mashua iliokotwa Swima, tupu, imepinduka. Dany alipatikana Ubwari akiwa amekumbatia bidoni, dumu tupu la plastiki, hawezi kusema. Nasoro ziwa halikumrudisha. Tulimlilia bila maiti. Watu walilala nje kwetu, na Immaculée alikataa kuvua kitenge alichokuwa amevaa siku ile.

Dany alikuja kilioni mara tu alipoweza kutembea. Sadiki alikuwa ameenda kutafuta mkaa wa kupikia wageni. Dany alinivuta kando, karibu na migomba, na kabla sijamkaribisha alianza kusema, kwa haraka, kama mtu anayetapika.

"Mama Husna, tulikuwa tunarudia. Taa ilizimika, lakini tulikuwa tunarudia muzuri, polepole, Nasoro alishika njia. Tulishafika karibu. Halafu tukaona moto, mukubwa, kule juu. Nasoro akasema, ile ni basoda, batu yetu habawezi kuwasha moto mu ile myezi ziwa imefungwa. Balishatuona. Akageuza mashua. Mi nilimwambia tuendelee. Akageuza, tukarudi Ubwari, kule upepo iko yote."

Nilimwuliza kama amemwambia mtu mwingine. Akasema hapana. Nikamwomba iwe hivyo.

Ziwa lilifunguliwa Agosti, na ndagala wale walikuwa wengi kweli, wanene. Sadiki anafundisha. Watoto wa Nasoro wanakula kwetu, na mkubwa amemzoea mno, humfuata mpaka shuleni. Kwa nje utasema huyu ni mtu aliyepona. Ana kitu kimoja tu kinachomsimamisha, na anakirudia kwa watu wanaomwonea huruma kwa darubini yake: kwamba shemeji yake hakufa akidhani ameachwa, kwamba angalau tulimwita. Akishasema hivyo anavuta pumzi na mabega yanashuka.

Mara nyingine, tukiwa wawili tu mezani, hana uhakika. Anaacha kula. Ananitazama usoni moja kwa moja.

"Mama Husna. Ile siku, Dany alisema baliona moto yetu?"

"Baliona," ninamwambia. "Baliona muzuri sana."

Anaitikia kwa kichwa, anavuta sahani, anakula.