Taa Zangu, Picha za Nurdin

Kwenye sendofu ya Getruda pale Igogo, upande wa bibi harusi waliniita mimi, Modesta, nipige picha. Upande wa bwana harusi nao wakaja na mpiga picha wao, Nurdin, kamera moja tu shingoni.

Mimi nilisimamisha flashi mbili kwenye pembe za ukumbi. Hazina waya: flashi ndogo ya kamera yangu ikiwaka, zinaiona, nazo zinawaka papo hapo. Ubaya wake, hazimjui mwenye mali. Nurdin alipopiga picha ya kwanza, flashi ya kamera yake ikawaka, zikamwakia na yeye.

Nikamtolea macho. Akatabasamu, akapiga tena. Mashangazi wakicheza, anapiga. Keki ikiletwa, anapiga. Jamani, hata mbuzi wa ndafu alimzunguka pande zote kama ndiye bibi harusi! Wazazi waliposimama kutoa zawadi, flashi zangu zilikuwa zimeishiwa betri, picha zangu zikatoka giza tupu.

Juzi mama yake Getruda kanipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia.

"Modesta mwanangu, picha za Nurdin zina mwanga mzuri kweli. Hebu muulize taa zake alinunua wapi, na wewe ukanunue."