Mlo wa Kokwa

Katika nyumba ile hakuna aliyeinua mguu. Waliburuta nyayo sakafuni kama watu wanaotembea ndani ya maji, kutoka jikoni hadi chumba cha kazi, kutoka chumba cha kazi hadi mlangoni, na mgeni aliyeingia kwa mwendo wa kawaida alipigiwa kelele kabla hajasalimiwa: "Buruta! Buruta miguu!" Sababu ilikuwa mbwa mmoja, mbwa aliyekwisha kukomaa, ambaye ukimweka kwenye mizani ya jikoni pakiti ya sukari inamshinda uzito. Jina lake lilikuwa Kokwa. Jina hilo alipewa na mama wa nyumba ile, na mama huyo alifariki mwaka uliopita, akaacha mume, binti, mtoto wa kiume, na Kokwa.

Mzigo ulimwangukia mke wa yule mtoto wa kiume. Kwa kazi alikuwa fundi wa meno ya bandia. Madaktari wa meno walimletea vipimo vya vinywa vya watu, naye akajifungia katika chumba cha nyuma, akamimina plasta, akapanga meno kwenye nta, akasaga na kung'arisha mpaka vumbi likamkaa kwenye nyusi. Mumewe aliendesha lori la masafa marefu na habari za nyumbani alizijua kwa simu. Hivyo waliobaki ndani walikuwa watatu: fundi meno, baba mkwe wake, na Kokwa.

Mtu asiyewahi kuishi na mbwa wa namna hiyo hudhani kitu kidogo ni rahisi. Sivyo. Utosi wa Kokwa haukuwahi kuziba, kwa hiyo hakupaswa kugongwa kichwa hata na mlango wa kabati. Hakuvishwa ukanda wa shingoni, kwa kuwa koo lake lilikuwa jembamba na lingeweza kubonyea. Alifungwa mkanda wa kifuani alioushona mama mkwe. Akiruka kutoka kwenye kochi angeweza kuvunjika mguu. Baridi ilimtetemesha mwezi ambao wengine walikuwa wakijipepea. Juu ya yote hayo, alipaswa kula kidogo kidogo mchana kutwa, maana mwili wake haukuwa na mahali pa kuweka akiba. Akikosa milo michache, sukari katika damu hushuka, miguu hulegea, na asipowahiwa hufa kabla jua halijazama.

Kazi ya kumlisha ilikuwa ya mzee. Aliidai mwenyewe wiki ya msiba, watu wakiwa bado wamejaa sebuleni. Alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na tangu mkewe aondoke, hakuwa na kazi nyingine. Fundi meno alichemsha kuku, akamchambua, akamsaga laini na kuacha bakuli mezani. Mzee alilichukua, akaingia nalo chumbani kwake alikolala Kokwa, akafunga mlango, na baada ya muda akatoka na bakuli tupu.

"Amekula, baba?"

"Amekula."

Basi, mazungumzo yaliishia hapo. Hakuna mkwe anayemfuata baba mkwe chumbani kuhakikisha kama kweli amefanya alichosema. Angeweza kumfuata mfanyakazi, angeweza kumfuata mtoto. Mzee mwenye mvi, aliyewafundisha nusu ya watu wa mtaa ule kugawanya na kuzidisha, hafuatwi. Fundi meno alichukua bakuli, akaliosha, akarudi kwenye nta yake.

Siku mambo yalipoharibika ilianza kwa utulivu, na yeye aliupokea utulivu huo kama zawadi. Mzee alikuwa ametoka kununua gazeti. Kokwa hakubweka. Hakuja kukwaruza mlango wa chumba cha kazi, hakulilia kubebwa. Fundi meno alikuwa na seti kamili ya kung'arisha, juu na chini, na mwenye kinywa alikuwa akisubiri kwa daktari. Mgongo ulimuuma, macho yalimwasha. Alijiambia, leo Mungu amemtuliza huyu kiumbe, ngoja nimalize. Akamaliza.

Alipotoka kwenda kunywa maji alimkuta Kokwa koridoni, mbali na mto wake, amelala ubavu kwenye sakafu tupu, shingo imepinda, macho nusu wazi. Alimwinua. Alikuwa mlegevu kama soksi iliyolowa, na fizi zake zimekuwa nyeupe.

Fundi meno hakupiga kelele. Alifuta vumbi mikononi kwa aproni, akafungua chupa ya asali, akachovya ncha ya kidole na kumpaka kwenye fizi, taratibu, juu kisha chini. Hakummiminia mdomoni, maana mnyama aliyezimia hupaliwa. Akampaka tena. Akamweka kifuani chini ya sweta, ngozi kwa ngozi, akachukua funguo.

Daktari wa wanyama alikuwa mwanamke mwenye maneno mengi. Alimtazama fundi meno akivuta kitu kutoka ndani ya sweta.

"Huyu ndiye mgonjwa, au umeniletea glavu?"

"Fanya haraka, daktari."

Daktari aliacha utani. Alipima damu, akamdunga maji ya sukari, akambonyeza tumbo kwa vidole viwili. Baada ya muda Kokwa aliinua kichwa na kulamba pua.

"Amekula lini mara ya mwisho?"

"Leo asubuhi. Na kabla ya saa nne."

"Tumbo hili halina kitu, mama. Na tazama mbavu hizi, si njaa ya leo tu. Nani anamlisha?"

"Baba mkwe wangu."

"Ana umri gani?" Alipoelezwa, daktari alishusha sauti. "Wazee husahau. Usimgombeze. Ila usimwachie tena."

Wifi yake, dada wa mumewe, alipiga simu wakati fundi meno hajavua hata viatu. Habari ilikuwa imeshamfikia kupitia kwa kaka yake aliyekuwa njiani na lori, ambaye fundi meno alimpigia akiwa kwa daktari.

"Wifi, mimi nilisema. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Mwezi uliopita kaacha bomba wazi mpaka korido ikawa mto. Sasa mbwa. Kesho jiko la gesi, mtaungua wote. Nakuja Jumamosi kumchukua. Chumba ninacho, lifti ipo, watu wa kumwangalia wapo."

"Na Kokwa?"

"Jengo letu haliruhusu wanyama. Kokwa tutamtafutia watu. Wewe umebeba vya kutosha, wifi yangu. Pumzika."

Neno hilo lilimwingia fundi meno. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, Kokwa akiwa bado ndani ya sweta, akaiona nyumba itakavyokuwa Jumapili: hakuna kuku wa kuchambua, hakuna mlango wa kusikiliza, mtu anatembea kwa hatua ndefu na kulala mchana bila sikio moja kubaki macho. Hakujilaumu kwa kuwaza hivyo. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akionyeshwa kitanda hutazama kitanda.

Lakini kulikuwa na jambo lisilokaa sawa, na yeye alizoea vitu vinavyokaa sawa. Jino likipishana na mwenzake kwa unene wa karatasi, mgonjwa hulisikia. Mzee anayesahau kulisha huacha chakula mezani, au hukisahau chumbani mpaka kinuke. Bakuli lilirudi tupu kila mara. Kuku alikwenda wapi?

Alasiri alichemsha kuku kama kawaida, akamlaza Kokwa kwenye mto wake chumbani kwa mzee, akaacha bakuli mezani. Mzee alilichukua. Alikwisha kuambiwa yaliyotokea. Aliingia. Safari hii mlango haukufungika vizuri, na fundi meno alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. Alisimama kwenye korido na kuchungulia.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alichukua donge la kuku kwa vidole vyake vilivyopinda, akalipeleka mbele ya pua ya Kokwa.

"Haya, mama. Kula. Kidogo tu, nisitirie aibu."

Kokwa alinyoosha shingo, akanusa, akapiga chafya. Akageuza uso ukutani. Mzee alijaribu kwa mkono wa kushoto. Kokwa akajikunyata zaidi. Mzee alikaa hivyo, mkono umenyooka, kwa muda mrefu kuliko mkono wa mzee unavyoweza kunyooka. Kisha akatazama bakuli, akatia donge mdomoni mwake na kutafuna. Akachukua la pili.

"Baba."

Mzee aliacha kutafuna, mashavu yamejaa.

"Meza kwanza," fundi meno alisema, akaingia na kukaa sakafuni.

Mzee alimeza. "Kuku ni kuku," alisema.

"Hana hata chumvi."

"Hana. Ni mbaya sana, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Wiki nzima sasa. Wiki mbili, labda. Mwanzo alikuwa anachukua kidogo kwa shida. Tangu jana jioni hata hataki kuniona. Usiku, nikishalala, analamba makombo yaliyoanguka. Ndiyo yaliyomweka hai." Aliutazama mkono wake. "Marehemu alimlisha kwa mkono. Nadhani anamngoja yeye. Kachoka kunivumilia."

Fundi meno aliukamata mkono wa baba mkwe wake na kuuleta puani. Mzee alishtuka, lakini hakuuvuta. Harufu ilimpanda mpaka machozi yakamlenga: dawa ya kuchua, kali, ya kufungua mafua.

"Baba, hii dawa umeanza kupaka lini?"

"Vidole vilipoanza kukakamaa. Kliniki walinipa, kama wiki mbili..." Hakumaliza. Midomo yake ilisogea kidogo, kama ya mtu anayefanya hesabu ya kichwa. "Miaka yote ile nimesimama mbele ya ubao," alisema mwishowe, "na hili nimeshindwa kulijumlisha."

"Hakukatai wewe, anaikimbia dawa. Pua yake ni kali kuliko zetu, basi."

Alichukua donge, akalitoa kwa mkono wake mwenyewe. Kokwa aligeuka, akala kwa pupa, akatafuta jingine. Mzee alitazama kila donge likiingia.

"Binti yangu anasemaje?"

"Anasema umesahau."

"Mwache aseme hivyo." Alijibu upesi mno. "Kusahau ni maradhi, mtu haulizwi. Lakini baba yake kula chakula cha mbwa na kudanganya kama mwanafunzi aliyekosa kufanya zoezi, hilo usimwambie."

"Akiamini umesahau, anakuja Jumamosi na sanduku."

"Sanduku la nini?"

"La nguo zako. Unakwenda kukaa kwake. Kokwa hana ruhusa kule."

Mzee alianza kujifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, kama mtu anayeamini harufu ni kitu kinachofutika.

Fundi meno alitoka na simu hadi jikoni. Alijua kabisa kwamba akikaa kimya, mambo yatakwenda yenyewe, na hakuna atakayemnyooshea kidole. Hata mzee alikuwa amemwomba anyamaze. Alisimama na simu mkononi mpaka kioo kikazima, akakiwasha tena. Shida ilikuwa kwamba kile wifi alichokiamini hakikuwa kweli, naye alikuwa ameuona ukweli kwa macho yake.

"Wifi, baba hakusahau."

Alieleza yote, dawa, chafya, kuku asiye na chumvi. Upande wa pili ilitoka sauti isiyoeleweka kama ni kicheko au kikohozi.

"Kwa hiyo kichwa chake kizima?"

"Kizima. Kinadanganya vizuri kuliko changu."

"Na lile bomba?"

"Bomba alisahau. Hata mimi nimewahi kulisahau."

"Wiki mbili baba yangu anakula chakula cha mbwa, na wewe upo humo ndani?"

"Nilikuwepo. Sikutaka kumchungulia."

Wifi alivuta pumzi. "Basi Jumamosi nisije."

"Njoo. Acha sanduku. Njoo ukae na hao wawili, mimi nilale."

"Ulale? Mchana? Wifi, mimi yule mbwa simwezi. Nitamkanyaga."

"Utaburuta miguu."

"Unaumwa?"

"Nimechoka. Siumwi." Hakuwa amewahi kumwambia hivyo mtu wa upande wa mumewe, na alipolisema, halikuwa zito kama alivyodhani. "Asubuhi, kabla ya mlo wa kwanza."

Alipogeuka, mzee alikuwa mlangoni.

"Umeniita mwongo mbele ya mtoto wangu."

"Ndiyo, baba."

Mzee hakusema naye tena siku ile, wala kesho yake. Alipokea chai kwa kutikisa kichwa. Lakini dawa ya kuchua aliihamishia saa ya kulala, akapaka na kuvaa glavu za pamba, na fundi meno akamlisha Kokwa yeye mwenyewe, akiacha nta ipoe na kuipasha upya kila mara.

Jumamosi wifi alifika na begi dogo, akavua viatu, akavuka sebule kwa mwendo wa mtu anayepita kwenye sakafu iliyopakwa sabuni. Fundi meno alimwonyesha kuku, bakuli, asali kwenye rafu ya karibu. Kisha akaingia chumbani kwake, akafunga mlango, akajilaza na vumbi la plasta likiwa bado kwenye viwiko.

Kupitia ukuta aliwasikia.

"Si hivyo, shusha mkono. Atapinda shingo."

"Baba, ananinusa tu. Hali."

"Umejipaka nini?"

"Mafuta ya mikono, ya kawaida tu."

"Kanawe. Nawa kwa sabuni isiyo na harufu, halafu ukae chini, usimwinamie. Lete bakuli, ngoja nikuonyeshe."

Fundi meno alifikiria kuinuka aende akaone kama yule mbwa anakula. Aliufikiria mguu wa kwanza, kisha wa pili, na safari yote ya kuburuta hadi kule. Akavuta shuka.