Bidoni ya Posa

Ndani ya meli iliyotutoa Uvira kwenda Kalemie, bia ya baa iliuzwa mara mbili ya bei ya mjini. Baba mudogo Tambwe alicheka kwa dharau. "Minye sinunui povu kwa bei ya mbuzi. Mwenye akili anakunywa yake."

Yake ipi? Alifungua bidoni, dumu la kasiksi, pombe ya ndizi ambayo mama yangu aliikamua kwa mikono yake kule Lubarika, tuipeleke kwa wazazi wa Bibiche, mchumba wangu. Nilimwomba aache. Akanijibu kwamba mtoto hamfundishi mzee kusafiri, akawakaribisha na abiria wenzake. Ilipobaki nusu, akateremsha ndoo ziwani, akaijaza bidoni maji hadi shingoni.

Kwetu, anayeleta pombe ndiye anayeionja kwanza mbele ya wote, ijulikane haina sumu. Ukweni, Baba mudogo, msemaji wetu, akapewa kikombe. Akanywa, akalamba midomo, akasema, "Tamu!"

Shangazi wa Bibiche akaonja baada yake. Hakutema. Alimeza polepole, akaniangalia mimi, si yeye. "Kama muzee wenu anadanganya na kikombe mdomoni, weye utatudanganya na nini?"

Tulirudishiwa bidoni yetu.

Katika safari ya kurudi, Baba mudogo alikwenda baa na pesa alizookoa, akaninunulia bia. "Kunywa, mwanangu. Wanawake ni wengi."

Niliimwaga yote ziwani. Hapo ndipo nilipomwona akihuzunika kwa mara ya kwanza.